Ghala Namba Saba

Nilikuja na utepe wa kupimia na kofia ya plastiki,
nikaandika: maghala kumi na moja, mviringo,
ukuta sentimita kumi na nane, paa limeoza,
njiwa hawahesabiki.
Tangu treni ya mwisho ya ngano iondoke Rosario
reli imelala chini ya majani,
na Paraná, mpana, rangi ya chai ya maziwa,
unapita na visiwa vyake vya magugumaji
bila kuuliza nani alifunga geti.

Kampuni inataka mtaa. Chini maduka,
kinyozi, tanuri la mikate, zahanati, chekechea;
katikati nyumba za kupanga; juu kabisa
nyumba za wale wanaonunua upepo.
Mimi ndiye mchoraji. Nagawanya duara
kama keki ya harusi ya watu nisiowajua.

Siku ya tatu akapenya kwenye tundu la uzio
mwanamke wa miaka sabini na kitu,
chupa ya maji moto kwapani,
mkononi kibuyu kidogo cha majani machungu.
Nélida Scarponi, karani wa mizani,
miaka ishirini na sita kwenye kibanda cha lango.
Akatazama mchoro wangu, akacheka hadi akakohoa.
"Kabati, binti. Kabati lina mgongo ulionyooka.
Ukuta huu hauna. Utaliweka wapi?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na makochi kumi na moja karatasini,
yote yamesimama katikati ya chumba
kama wageni wasioambiwa karibu.

Katika namba saba, mita moja kutoka sakafuni,
kulikuwa na tobo, kingo zimemeguka,
limefunikwa kwa bati.
Nilikwisha kuandika kando yake: kasoro, zibeni.
Akaweka kiganja juu ya bati lile.

"Hapa ndipo tulipomtoa Anselmo.
Mdogo wangu. Alishuka kubandua ngano
iliyogandamana ukutani.
Ngano haikukamati, ujue. Inakukubali tu.
Inakukubali hadi kiunoni, hadi kidevuni.
Walipasua ukuta kwa nyundo, dakika arobaini,
ikamwagika uani kama kitu kilichochoka kungoja,
na yeye akaja mwisho, kiatu kimoja.
Kesho yake nikaambiwa niipime iliyomwagika.
Nikaipima.
Daftarini nikapunguza kilo sitini na tatu.
Hakuna aliyeuliza."

Kwenye jalada langu palikuwa na maneno haya:
ghala la ngano, tupu.
Nikalitazama lile la mwisho kwa muda mrefu.

Hakutaka jina ukutani.
Kibao, alisema, hupigiliwa na watu
wanaotaka kumaliza mazungumzo.
Aliuliza bei ya chumba. Nikamtajia.
Akainua nyusi, akamimina maji,
akanipa kibuyu; nikanywa uchungu wote,
nikamrudishia, akajaza tena.
Tukakaa hivyo. Meli ya mchanga ikapita.

Usiku nikafuta zibeni.
Nikaandika: dirisha, sitini kwa themanini,
kwenye kimo cha jicho la mtoto.
Meneja akauliza sababu.
Nikasema: mwanga.
Neno hilo, ukiliweka kwenye mizani ya Nélida,
sijui sindano ingesimama wapi.

Sasa wanapaka rangi. Chekechea itafunguliwa Machi.
Ukichungulia dirishani unaona uwanja,
wavulana wawili wa saruji wanakula mkate,
kisha mto, kisha ng'ambo yake, nyasi tupu.
Fundi mwokaji amekwisha kupima mlango wa tanuri lake
mara tatu, haamini.
Kabati tumepata. Seremala amekubali
kulipinda mgongo, kwa bei ya makabati mawili.

Nimemtafuta Nélida nimwonyeshe.
Kibanda cha mizani kimebomolewa,
panachorwa maegesho ya baiskeli.
Na lile tundu la uzio limezibwa,
waya mpya, imara, unang'aa.
Hilo sikulichora mimi.